Bwana wa Pete: Askari wa Kitabuni na Askari wa Filamu

Usiku mmoja wa Jumamosi, filamu ilipokwisha katika bwalo letu na taa zikawashwa, askari hawakuondoka kwenda kulala kama ilivyo desturi yao. Sajini mmoja, mtu mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti nje ya uwanja wa gwaride, alisimama akasema kwa uchungu kwamba kapteni aliyeonyeshwa katika filamu ile amesingiziwa. "Kitabu nimekisoma mara mbili," alisema. "Kapteni Faramir hakufanya mambo yale. Wamemharibia jina mtu mwema."

Koplo mmoja kijana, ambaye hakuwa amekisoma kitabu, alimjibu kwa adabu lakini bila ya kurudi nyuma. "Afande, mtu ambaye hakukitamani kitu, asifiwe kwa lipi akikiacha? Huyu wa filamu alitamani, kisha akaacha. Mimi huyo ndiye ninayemheshimu."

Ubishi ule uliendelea hadi saa ya kuzima taa, na kesho yake ukaendelea penye chai. Wawili hao hawakujua kwamba maneno yao yalikuwa yamekwisha kuizunguka dunia. Tangu Desemba 2002, filamu ile ilipotolewa, wapenzi wa kitabu na wapenzi wa filamu huko Uingereza, Marekani, New Zealand na kwingineko wamekuwa wakishindana kwa hoja zile zile, na hadi leo hawajapatana. Tumeona vyema kuwaletea wasomaji wetu, askari jeshi na askari polisi, kiini cha ubishi huo, kwa sababu ndani yake mna mambo yamhusuyo mtu avaaye sare kuliko mtu mwingine yeyote.

MWANDISHI ALIYEKUWA ASKARI

Kitabu chenyewe huitwa The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete. Mwandishi wake ni J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kilitolewa kwa sehemu tatu mjini London, mbili mwaka 1954 na ya tatu mwaka 1955. Ni hadithi ya nchi ya kubuni, yenye watu na viumbe wa ajabu. Habari yake kwa ufupi ni hii. Mtawala mwovu aitwaye Sauron alifua pete moja, akatia ndani yake sehemu kubwa ya nguvu zake. Pete hiyo ikampotea, na baada ya miaka mingi sana ikaangukia mikononi mwa Frodo, mtu wa kabila la Wahobiti. Hao ni watu wafupi wa kimo, wapendao mashamba yao, chakula chao na amani yao.

Pete hiyo haiwezi kutumiwa kwa wema, kwa maana humgeuza kila aitumiaye, hata nia yake iwe njema kiasi gani. Iko njia moja tu ya kuiangamiza, nayo ni kuipeleka katika nchi ya adui na kuitupa ndani ya moto wa mlima ule ilimofuliwa. Frodo na mtumishi wake Sam ndio wanaokwenda kuitupa. Huku nyuma, falme za wanadamu zinapigana vita vya kufa na kupona, na mwishowe kuyavuta macho ya adui yasiwaone hao wawili.

Tolkien alizaliwa katika bara letu la Afrika, mjini Bloemfontein, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1915, mara baada ya kumaliza masomo, aliingia jeshini akiwa luteni wa pili katika kikosi cha Lancashire Fusiliers. Juni 1916 alivuka bahari kwenda Ufaransa, akawa afisa wa ishara wa batalioni ya 11. Msomaji aliyewahi kufanya kazi ya ishara anajua maana yake. Waya hukatwa na mizinga, matarishi huuawa njiani, na kamanda aliye nyuma hungoja habari zisizofika.

Alikuwa katika mapigano ya Somme tangu Julai hadi Oktoba 1916. Siku ya kwanza peke yake, tarehe 1 Julai, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu zaidi ya 57,000, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa. Miongoni mwa waliokufa siku hiyo alikuwa Robert Gilson, rafiki yake tangu shuleni. Desemba mwaka huo huo rafiki mwingine, Geoffrey Smith, alikufa kwa majeraha. Tolkien mwenyewe alishikwa na homa ya mahandaki, ile iletwayo na chawa, akarudishwa kwao mwezi wa Novemba. Miaka mingi baadaye aliandika katika dibaji ya kitabu chake kwamba ilipofika mwaka 1918, rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja.

Hakupenda kuambiwa kwamba hadithi yake ni fumbo la vita fulani, na alilikana jambo hilo waziwazi. Lakini hakukana kwamba mtu huandika kwa yale aliyoyaona. Katika habari za maisha yake imeandikwa kwamba Sam, yule mtumishi mwaminifu, aliundwa kwa mfano wa askari wa kawaida na watumishi wa maafisa aliowajua katika vita vile, ambao aliwahesabu kuwa bora kuliko yeye mwenyewe. Basi yapasa tukumbuke, kabla hatujaingia katika ubishi, kwamba tunapima maneno ya mtu aliyekaa handakini.

FILAMU YATOKEA

Peter Jackson, raia wa New Zealand, alizipiga filamu zote tatu kwa pamoja nchini mwake, tangu Oktoba 1999 hadi Desemba 2000. Zilitolewa Desemba ya miaka mitatu mfululizo, 2001, 2002 na 2003. Mtu akiziunganisha kama zilivyoonyeshwa katika majumba ya sinema, atakaa kitini saa 9 na dakika 18. Filamu ya tatu ilipata tuzo 11 za Oscar mwaka 2004.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba jeshi la New Zealand lilishiriki katika kazi hiyo. Mitambo ya jeshi ilitengeneza barabara ya kufikia shamba palipojengwa kijiji cha Wahobiti. Mamia ya askari walivaa ngozi na meno ya bandia wakawa Maorki, yaani askari wa adui. Na mapigano ya mwisho mbele ya lango la adui yalipigwa picha katika uwanja wa mazoezi wa jeshi, kwenye jangwa la Rangipo. Mahali hapo palikuwa na mabaki ya mazoezi ya mizinga, na waigizaji walionywa mapema juu ya makombora ambayo hayajalipuka.

Hapana mtu mwenye haki awezaye kusema kwamba filamu hizo ni kazi mbaya. Wapenzi wa kitabu wenyewe wamekubali kwamba milima, mavazi, silaha na ngome zimefanana na zile walizoziona moyoni walipokuwa wakisoma. Tena kitabu kina kurasa zaidi ya elfu moja, na kila mtu alijua kwamba mengi yangekatwa. Tom Bombadil, yule mzee wa msituni aimbaye siku nzima, hakutiwa kabisa katika filamu. Wengi walisikitika, lakini wakasamehe, maana msafara unaweza kusonga mbele bila ya yeye.

Ugomvi ulianza mahali palipobadilishwa. Wapenzi wa kitabu husema kwamba kupunguza ni haki ya mtu atengenezaye filamu, bali kumpa mtu wa kitabuni tabia isiyo yake ni jambo jingine.

KAPTENI FARAMIR

Hapa ndipo sajini wetu aliposimama, na ndipo maelfu ya wengine waliposimama kabla yake. Faramir ni kapteni wa nchi ya Gondor. Anaongoza askari wachache waliojificha katika nchi iliyokwisha kutwaliwa na adui, wakimshambulia kwa mavizio na kutoweka. Askari wake wanawakamata Frodo na Sam. Amri aliyo nayo ni kali, kwamba kila aonekanaye katika nchi ile bila ya ruhusa auawe.

Katika kitabu, Faramir anawahoji wageni wake kwa subira. Anagundua kwamba wamebeba kitu cha siri, ingawa hajui sawasawa ni kitu gani. Anatamka mbele yao kwamba hata angekikuta kimelala njiani asingekiokota. Baadaye Sam anateleza ulimi, na Faramir anajua kwamba ni ile pete, silaha inayoweza kuiokoa nchi yake siku ile ile. Wageni ni wawili, nao wamo pangoni mwake, wamezungukwa na askari wake. Anasimama, na msomaji anashika pumzi. Kisha anaketi. Anasema kwamba neno alilolitamka, ingawa alilitamka bila ya kujua, analihesabu kuwa kiapo, nacho kitamfunga. Kesho yake anawapa chakula na fimbo za safari, anawaachilia, na kwa kufanya hivyo anajiweka mwenyewe katika hatari ya kuhukumiwa.

Katika filamu, kapteni huyo huyo anapoijua pete anaitaka. Maneno aliyoyasema kitabuni, kwamba amepata nafasi ya kuonyesha thamani yake, yametiwa kinywani mwake vile vile, lakini maana imepinduliwa, kwa kuwa sasa thamani yake ni kumpelekea baba yake zawadi. Anawafunga wafungwa wake na kuwapeleka hadi mji wa Osgiliath ulio katikati ya mapigano. Huko ndiko anakoona kwa macho yake jinsi pete inavyomtesa Frodo, na huko ndiko anakobadili nia. Mmoja wa watu wake anamkumbusha kwamba sheria itadai uhai wake. Anakubali, na anawaachilia.

Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, wameeleza sababu zao mara nyingi. Filamu mbili zilikuwa zimewaambia watazamaji kwamba pete hiyo humwangusha kila mtu. Boromir, kaka yake Faramir, ameangushwa nayo. Akitokea mtu wa kuitazama na kuipisha kama jiwe la njiani, watazamaji watasema kumbe haina nguvu yoyote. Isitoshe, filamu ya pili ilihitaji hatari ya mwisho kwa Frodo na Sam, kwa kuwa vita vyao na buibui mkubwa vilikuwa vimesogezwa hadi filamu ya tatu. Hoja hizo ni nzito, na koplo wetu alizifikia kwa akili yake mwenyewe.

Wapenzi wa kitabu nao wanajibu. Wanasema kwamba ndugu wawili waliumbwa watofautiane, mmoja aanguke na mwingine asimame, na ukiwafanya wote waanguke umeondoa nusu ya hadithi. Wanataja pia jambo ambalo sisi tunalitilia mkazo. Katika filamu askari wa Faramir wanampiga mateka wao Gollum, kiumbe dhaifu, bila kuzuiwa. Katika kitabu mateka huyo anafungwa kamba na kuhojiwa kwa ukali, lakini hapigwi, kisha anawekwa chini ya ulinzi wa Frodo. Kapteni anayewaacha watu wake wampige aliyefungwa si yule aliyeandikwa na Tolkien.

Tolkien alimpenda sana Faramir. Mei 1944 alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akijifunza urubani katika jeshi la anga la Uingereza, kwamba mtu mpya amejitokeza katika hadithi, nduguye Boromir. Miaka mingine ikipita, alieleza katika barua kwamba ikiwa kuna mtu yeyote katika kitabu anayefanana naye, basi ni Faramir, ila tu yeye mwenyewe amepungukiwa na ushujaa. Hayo ni maneno ya afisa aliyerudi kutoka Somme.

Sisi tunaona hivi. Koplo alikosea neno moja tu. Faramir wa kitabuni si mtu asiyejaribiwa, bali ni mtu aliyeamua kabla ya kujaribiwa. Askari hajifunzi kulenga shabaha siku ya vita. Hujifunza miezi mingi kabla, ili siku hiyo mkono wake ujue la kufanya wakati akili imetikisika. Kadhalika kiapo. Polisi aliye peke yake usiku barabarani, aliyetolewa fedha na dereva mwenye kosa, hana nafasi ya kuanza kufikiri habari za uaminifu. Kama hakuzifikiri kabla, amechelewa. Filamu inatuonyesha mtu anayeponea ukingoni, na wako watu wa namna hiyo, nao wanastahili heshima. Lakini kikosi hakiwezi kujengwa juu ya watu wanaotarajiwa kuponea ukingoni.

VITA VIPEWE NAFASI GANI?

Ugomvi wa pili ni juu ya mapigano yenyewe. Mwaka 1958 Tolkien aliletewa mpango wa kutengeneza filamu ya kitabu chake, mpango ambao haukutimia. Aliusoma akakasirika, na miongoni mwa malalamiko yake lilikuwa hili, kwamba mtengenezaji alipenda mno mapigano. Alisema kwamba kama nafasi haitoshi kueleza sawasawa habari za Maenti, wale wachungaji wa miti, pamoja na vita vya ngome ya Helm's Deep, basi vikatwe hivyo vita, kwa sababu havimo katika kiini cha hadithi.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, vita vya Helm's Deep vikawa kilele cha filamu ya pili. Katika kitabu ni sura moja tu. Katika filamu vilipigwa picha karibu miezi mitatu, nyingi zikiwa za usiku, katika machimbo ya mawe karibu na Wellington. Tena kikosi cha Elfi, watu wasiozeeka, kinawasili usiku kuwasaidia wanadamu, jambo ambalo kitabuni halimo. Watetezi husema kwamba hata kitabuni Elfi walipigana wakati ule ule katika nchi zao, na filamu ilitaka kuonyesha umoja huo mahali pamoja. Wapinzani husema kwamba utamu wa sura ile ni kwamba wanadamu walikuwa peke yao.

Katika filamu ya tatu liko jambo linalowaudhi zaidi wasomaji wenye ujuzi wa kijeshi. Denethor, mtawala wa Gondor, anamtuma mwanawe Faramir arudishe mji uliotekwa. Filamu inaonyesha wapanda farasi wakitimka mbio uwanda mtupu, mchana, kuelekea wapiga mishale waliojificha nyuma ya kuta. Picha hiyo inaumiza moyo, na ndilo lililokuwa kusudi lake. Lakini hakuna kapteni mwenye akili ambaye angeshambulia hivyo. Kitabuni Faramir anatumwa kuzuia kivuko cha mto. Adui anamzidi mara kumi, basi anarudi nyuma kwa utaratibu, naye mwenyewe anabaki na walinzi wa nyuma ili kurudi kule kusigeuke kuwa kukimbia. Anajeruhiwa akiwa mahali hapo. Kila afisa aliyewahi kusomeshwa mbinu za kivita anajua kwamba kurudi nyuma kwa utaratibu mbele ya adui ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Nayo haina uzuri machoni pa watazamaji, ndiyo sababu haikupata nafasi.

Vivyo hivyo katika vita vikubwa vya mbele ya mji mkuu. Filamu inaleta jeshi la wafu, ambalo linafagia uwanja mzima kwa dakika chache. Kitabuni wafu waliwatisha tu maharamia mbali kusini, wakaachiliwa, na meli zikaletwa na watu walio hai waliojitolea kufa kwa ajili ya nchi yao. Wapenzi wa kitabu huuliza kama wafu wangeweza kuyamaliza yote hayo, wale wapanda farasi wa Rohan waliokufa asubuhi ile walikufa kwa faida gani. Hata watetezi wa filamu hupata taabu kulijibu swali hilo.

KURUDI NYUMBANI

Jambo kubwa kuliko yote lililokatwa ni sura moja ya karibu na mwisho, nayo ndiyo tunayotaka askari wetu waisome, hata kama hawatasoma nyingine.

Katika filamu, pete ikishaangamizwa, Wahobiti wanne wanarudi kwao na kukuta kila kitu kama walivyokiacha. Wanaketi kilabuni, wanaagiza pombe, na wanatazamana kimya katikati ya kelele za watu wasiojua lolote. Baada ya muda Frodo, ambaye majeraha yake hayaponi, anapanda meli na kwenda zake.

Katika kitabu wanaikuta nchi yao imetekwa. Miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, mavuno yamekusanywa na genge la wahuni kwa jina la kugawiwa sawasawa, na mzee aliyekuwa mkuu wa mji ametiwa gerezani. Amri mpya zimebandikwa kila ukuta. Wasomaji wetu wa polisi watazame hapa. Zamani nchi nzima ile ilikuwa na askari polisi 12, na kazi yao kubwa ilikuwa kurudisha mifugo iliyopotea. Sasa wamekuwa mamia, nao wanatumwa kuwakamata jirani zao wenyewe. Mmoja wao, rafiki wa Sam tangu utotoni, anaungama kwa aibu kwamba kazi hiyo haipendi tena, lakini haruhusiwi kuiacha. Tolkien anaeleza kwa kurasa chache jinsi kazi yenye heshima inavyoweza kuharibiwa kutoka juu, huku kofia na unyoya wake vikibaki vile vile.

Waliorudi wanapiga baragumu, wanawaamsha wananchi, na wanawatega wahuni katika njia yenye kingo ndefu, wakiwafungia nyuma kwa magari ya shamba. Wahuni wapatao 70 wanakufa, kumi na wawili wanatekwa, na Wahobiti 19 wanauawa. Frodo hachomoi upanga siku hiyo. Kazi yake yote ni kupita kati ya watu wake wenye hasira na kuwazuia wasiwaue wale waliotupa silaha. Anayefanya kazi hiyo ndiye aliyeteseka kuliko wote. Kitabu kilipotolewa, Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo inalinda mtu aliyeweka silaha chini, ilikuwa bado mipya. Wakufunzi wengi wanaotafuta mfano wa kuifundisha wangeupata hapo.

Watetezi wa filamu wana jibu. Mtazamaji aliyekwisha kuona mlima ukilipuka na adui akianguka hawezi kuanzishiwa vita vingine vidogo. Hata hivyo watu wengi walilalamika kwamba filamu ya tatu ina miisho mingi mno. Tena ile picha ya kilabuni, wanasema, imebeba kwa kimya yote ambayo sura ile inayasema kwa maneno. Sisi tunakiri kwamba picha ile hutugusa kila tuionapo. Mtu aliyewahi kurudi likizo kutoka mahali pa hatari, akaketi na ndugu wanaozungumza bei ya mbuzi, anaijua.

Lakini Tolkien alisisitiza katika dibaji yake kwamba sura ile ni sehemu ya lazima ya hadithi, iliyokusudiwa tangu mwanzo. Tunaamini twajua sababu. Filamu inasema kwamba askari hurudi akiwa amebadilika, na nyumbani hapakubadilika. Kitabu kinasema kwamba nyumbani napo huumia, kwamba vita havibaki mpakani, na kwamba anayerudi anakuta kazi nyingine inamngoja, nayo inahitaji kujizuia zaidi ya ushujaa. Christopher Tolkien, aliyezilinda kazi za baba yake hadi alipofariki mwaka 2020, alilalamika mwaka 2012 katika gazeti la Ufaransa, Le Monde, kwamba kitabu kimegeuzwa kuwa filamu ya mapambano ya kuwafurahisha vijana. Huenda alikuwa mkali kupita kiasi, maana wako watu wengi sana waliokifungua kitabu kwa sababu tu waliiona filamu kwanza. Lakini kwa habari ya sura hii, tunadhani alikuwa na haki ya kuumia.

Basi ushauri wetu kwa ndugu askari ni kwamba wasichague upande kabla ya kuvijua vyote viwili. Waitazame filamu, kisha wasome, na wakisoma watazame mambo matatu. Watazame Faramir alivyofungwa na neno lake, watazame alivyowarudisha nyuma watu wake bila ya kuwaacha, na watazame Frodo alivyosimama kati ya ndugu zake na mateka.

Tulipokuwa tukiandika makala hii tuliuliza ule ubishi wa bwaloni uliishia wapi. Tuliambiwa kwamba sajini amemwazima koplo kitabu chake, kwa sharti kwamba asikunje kurasa. Koplo naye ametoa sharti lake, kwamba siku filamu ya tatu itakapoonyeshwa, wakifika pale kilabuni, sajini anyamaze mpaka picha ile iishe. Sajini amekubali.